Kifuniko Ndani ya Mafuta

Nilibeba chupa ya mafuta ya alizeti hadi sokoni Lauscha, mji wa mafundi wa kioo, na sikuwa na nia ya kukaanga chochote.

Egon Bätz alikuwa pale akiuza mabirika yake ya kioo. "Kioo cha moto hiki!" alinadi. "Litoe barafuni, mimina maji yanayochemka, halipasuki ng'o!"

Miaka kumi na moja nyuma, kiwandani tulikofanya kazi pamoja, yeye ndiye aliyeunganisha mrija wa kioo cha kawaida na wa kioo cha moto. Hata mwanagenzi wa wiki moja anajua kwamba hivyo viwili havipoi sawasawa. Kiungo kilipasuka, asidi ikammwagikia mtu wa maabara. Egon akaapa kwamba kiungo kile kilikuwa kazi ya mkono wangu. Nikafukuzwa mimi.

"Ah, Bi Irmgard!" alinicheka. "Umekuja kununua au kuona wivu?"

"Nimekuja kukupima."

Nilimimina mafuta kwenye bakuli la kioo, nikatumbukiza kijiti changu cha kioo cha moto. Kilitoweka machoni mwa watu kama kimeyeyuka, maana ndivyo kioo hicho kinavyofanya ndani ya mafuta. Kisha nikanyakua kifuniko cha birika lake, nikakizamisha.

Kilionekana chote, mpaka ukingo wake.

Watu wakaanza kuyarudisha mabirika mezani, moja moja.

"Irmgard, nakuomba," alininong'oneza.

"Apa," nikamwambia kwa sauti. "Waapie na hawa kwamba hiki nacho ni kazi ya mkono wangu."