Koki ya Juu ya Paa

Fundi bomba alipanda ngazi za jengo la ghorofa nne, spana kubwa begani kama jembe. Asubuhi hiyo mkandarasi alikuwa amemfunulia tena mkataba na kumwekea kidole kwenye kifungu cha tisa: fundi atalipwa pale mwenye jengo atakapomlipa mkandarasi.

"Hajanilipa, mwenzangu. Nikutolee wapi?"

"Jengo lina watu! Mapazia yanapepea kila dirisha."

"Wamemlipa yeye. Mimi bado."

Kifungu hicho fundi alikitia saini juu ya boneti ya gari, bila miwani. Mabomba akayachukua dukani kwa mkopo, akaweka rehani mashine yake ya kukatia meno ya bomba. Mwenye duka ameshasema: leo saa kumi jioni inauzwa. Na fundi bomba asiye na mashine hiyo kazi yake inabaki kuzibua masinki ya watu.

Basi akaamua kufunga maji.

Ghorofa ya tatu alimkuta mama amechuchumaa mlangoni, anafua nepi.

"Unaenda wapi na chuma hicho, baba?"

"Kufunga maji, dada. Mabomba haya nimeyaweka mimi, na sijalipwa."

"Sisi tumelipa kodi ya mwaka mzima! Taslimu, mkononi mwake."

"Ndiyo hivyo."

Mama akashusha pumzi. "Basi ningoje nisuuze hizi."

Akangoja. Habari ikapita kuta. Kila nyumba ndoo zikaanza kulia. Alikaa ngazini mpaka sufuria la mwisho likajaa, ndipo akapanda paani, akaikaza koki kuu kwa spana hata mkono mtupu usiweze kuifungua.

Miezi minne mwenye jengo alikuwa hapatikani: mara yuko safarini, mara simu haina chaji. Maji yalipokatika alifika ndani ya nusu saa, na askari ubavuni.

Fundi akatoa nakala yake ya mkataba, askari akaisoma, midomo ikimchezacheza. "Mzee, wewe na huyu hamna mkataba. Mtu wako ni mkandarasi."

"Mkandarasi ananiambia mtu wangu ni huyu."

"Kamshitaki huyo mkandarasi. Hapa umewanyima watu maji. Fungua, au twende kituoni ukalale."

Mwenye jengo alikuwa anapangusa vumbi la paa kwenye kiatu. "Ila kazi yako nzuri, fundi," alisema. "Haivuji hata tone. Nikijenga jingine nitakuita."

Fundi aliuliza saa ngapi. Akaambiwa saa kumi na dakika tano. Akaipachika spana, akazungusha. Maji yakanguruma kushuka, ghorofa baada ya ghorofa, bila kuvuja popote.

Chini huko mtu akapaza sauti: "Yamerudi! Jamani, Mungu ambariki mwenye nyumba!"

"Amina," akajibu mwenye jengo, ameinama kwenye ukingo wa paa.