Nyongeza Hairudi

Kama kuna mtu aliyekuwa na maneno mengi kuhusu adabu ya beji, basi ni yule kinyozi wa pale kona, ambaye wenzake walimbatiza Jaji. Nasema beji, vile vibati vidogo vya rangi vyenye pini nyuma, ambavyo mtu mzima na ndevu zake anavikusanya, anavipanga kwenye kitambaa, halafu anabadilishana kwa posta na watu ambao hajawahi kuwaona. Usicheke. Kila mtu na ugonjwa wake.

Kundi lao lilikuwa kwenye simu, na humo watu walijuana kwa kazi zao: Mhasibu, Mama Maua, Mpishi, na wengine. Jaji alikuwa juu yao wote. Hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa tu na beji za siku nyingi na mdomo usiojua kuchoka, na sisi binadamu tunavyopenda kuamuliwa mambo, tukamwachia.

Sheria zake kubwa zilikuwa juu ya nyongeza. Mkishakubaliana, beji yangu kwa beji yako, adabu inataka utie na nyingine moja ya bure, ya kumfurahisha mwenzio. Hiyo ndiyo nyongeza. Zamani watu walikuwa wanatiana takataka, beji zenye kutu, beji zisizo na pini, mpaka Jaji akapiga meza. Kila mtu awe na kopo la nyongeza, asitie humo kitu cha aibu. Akifunga bahasha, afumbe macho, atie mkono, atoe kitakachotoka, akizungushie karatasi hivyohivyo bila kukitazama. Bahati ndiyo ichague. Nyongeza haitangazwi kundini, maana zawadi haipigiwi ngoma. Haikai: ukiipokea, inaondoka na bahasha yako inayofuata, ikamfurahishe mwingine. Na nyongeza hairudi. Hiyo ya mwisho aliitamka polepole, kama anayenoa wembe.

Na aliwahi kuinoa kweli. Mpishi, mtu mpole wa shule moja ya bweni, siku moja aliandika kundini: "Ndugu zangu, nisameheni. Nyongeza niliyompelekea Jaji haikuwa ya kutoka. Iliingia koponi kwa bahati mbaya. Namwomba anirudishie." Wakati ule beji yenyewe ilikuwa mkononi mwa Jaji, kijibeji cha samaki, rangi imebanduka upande mmoja, si kitu cha kugombaniwa. Kundi zima likamsubiri yeye. Jaji akajiona mrefu. Akaandika: "Tukirudisha moja leo, kesho kila mtu atakuja na hadithi yake. Nyongeza hairudi." Kesho yake akaitia yule samaki kwenye bahasha ya mtu mwingine, ambaye baadaye alitoka kundini, na mpaka leo hajulikani alipo. Mpishi hakubisha. Aliendelea kubadilishana beji na wenzake faraghani, ila kundini hakuandika tena neno.

Jioni ile Jaji alimsimulia mkewe kwa kicheko. Mkewe alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule pale pale sebuleni, pini kazibana midomoni. Akazitoa moja moja, akauliza, "Kwani ungemrudishia ungepungukiwa nini?"

"Sheria ni sheria, mama watoto."

"Haya. Na sheria ni msumeno," akasema, akazirudisha pini midomoni.

Kilichonichekesha mimi ni ukuta wa kinyozi. Juu ya kioo kikubwa alikuwa ameandikiwa na mchoraji wa mabango, kwa herufi nyekundu: MWENZIO AKINYOLEWA, ZAKO TIA MAJI. Wateja walicheka, naye alicheka nao. Miaka yote kauelekea ukuta ule akinyoa watu, macho kwenye kichwa cha mteja, hajawahi kuyainua akausoma kwa ajili yake mwenyewe.

Sasa, mama mkwe wake alikuwa mkunga. Mungu amrehemu, mwanamke mkali, mfupi, aliyezalisha nusu ya mtaa na kuitukana nusu hiyo hiyo. Alikuwa na beji ya fedha aliyopewa alipohitimu, viganja viwili vimekingwa kama vinavyopokea kitu. Kiganja kimoja kilikuwa kimelika, kwa sababu bibi alikuwa na tabia ya kukisugua kwa kidole gumba kila alipomngojea mzazi uchungu umkolee. Alipofariki, kila kitu kingine kiligawanywa. Beji ikabaki kwa bintiye, huyu fundi cherehani, naye akasema, "Mimi imeniruka. Mimi ni wa nguo. Hii inamngojea kitinda mimba." Kwani kitinda mimba wao, ambaye bibi mwenyewe ndiye aliyempokea duniani, alikuwa chuoni akisomea ukunga, na chuoni kwao siku ya mahafali mama mzazi ndiye anayemvika bintiye beji kifuani. Yenyewe itakuwa ile. Hilo lilishasemwa nyumbani siku nyingi, halikuwa na mjadala.

Miezi michache kabla ya mahafali, mama akagundua kibanio cha nyuma kimelegea. Akaipeleka kwa mumewe kwenye duka lake la kunyolea. "Wewe si bingwa wa vitu hivi? Nikazie hiki, baba watoto. Na uangalie, hii si ya mchezo."

"Mama, unamwambia nani?" Jaji akaipokea kwa mikono miwili. Mteja akaingia wakati huo huo, tena mteja wa haraka zake. Jaji akatazama huku na huku akitafuta mahali pa salama, na mahali pa salama kuliko pote alipopajua duniani palikuwa lile kopo la biskuti la nyongeza, ambalo halikuguswa na mkono wa mtu mwingine. Akaitia humo. Nitaitoa sasa hivi, akajiambia. Mteja akakaa, maneno yakawa mengi, baada yake akaja mwingine.

Siku iliyofuata alikuwa na bahasha ya Mhasibu. Akafunga beji waliyokubaliana, kadibodi huku na huku, gundi ya karatasi pembeni, kazi safi. Kisha, kama alivyowafundisha watu wote, akafumba macho na kutia mkono koponi.

We! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kwa wiki kadhaa, kila mkewe alipouliza, "Ile beji umeshaikaza?" alijibu, "Bado kidogo," mpaka siku moja akaenda kwenye kopo. Alipapasa kwa vidole, hakuipata. Akalimwaga kopo lote mezani, juu ya mashine na vitana. Akazigeuza beji moja moja, halafu akaligonga kopo tupu kwa chini, kana kwamba mikono ya fedha inaweza kung'ang'ania bati. Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, akauliza kwa upole, "Kuna tatizo, fundi?" Jaji akasema hakuna. Akamalizia kichwa kile amekaa kwenye stuli.

Akampigia Mhasibu. Alizunguka sana kabla ya kufika, akauliza hali ya kazi, ya watoto, ya mvua. Mwishowe akasema, "Dada, ile nyongeza yangu..."

"Ile ya viganja? Nzuri mno!" Mhasibu akasema. "Wala usiwe na wasiwasi, Jaji, sikukaa nayo. Niliipitisha kwa Mpishi na bahasha yangu iliyofuata, kama ulivyotufundisha." Sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi anayengoja kusifiwa. Jaji akamwambia, "Hongera, dada."

Kumpigia Mpishi kulimchukua siku nzima ya kujishauri. Alipopiga, nyuma ya sauti ya Mpishi masufuria yalikuwa yanagongana na mtu anaulizia chumvi.

"Viganja viwili," Mpishi akasema. "Ndiyo. Ilifika kwangu. Nilipoishika tu nilijua hii si ya kopo. Imelika kama kitu kilichoshikwashikwa maisha yote. Nikasema moyoni, hii kuna mtu ataililia."

"Sasa mbona hukusema, kaka?"

"Niseme wapi? Nyongeza haitangazwi. Nilikaa nayo, bwana. Sikutakiwa kukaa nayo, lakini nilikaa nayo wiki nzima, bahasha imefungwa tayari, nangojea mtu aulize. Hakuuliza mtu. Nikaipitisha."

Wiki ile Jaji alikuwa bado anamwambia mkewe bado kidogo.

Mpishi alikuwa ameituma kwa mama mmoja wa nchi ya mbali, mtu waliyekutana mtandaoni, asiye wa kundi wala wa lugha yetu. Na Mpishi hakumringia. Alimwandikia yule mama siku ileile, akampa Jaji anwani, akamfundisha hata jinsi ya kuandika jina lake. Wote wawili wakaandika, wakaandika tena. Yule mama hakujibu. Pengine amehama, pengine yu mgonjwa, pengine naye ameshaipitisha. Utamlaumu nani? Kila mkono uliopitiwa na ile beji ulikuwa na adabu.

Jaji akaenda posta. Karani alimsikiliza, akapachika miwani, akauliza, "Wewe ndiye mtumaji?"

"Hapana. Aliyetuma ni rafiki yangu, yuko mji mwingine."

"Basi wewe ndiye mpokeaji."

"Hapana."

"Sasa mzee wangu, katika bahasha hii wewe ni nani?"

Watu wa kwenye foleni wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Jaji akafikiri kweli, akitafuta yeye ni nani katika bahasha ile. Akashukuru, akatoka.

Kitinda mimba akapiga simu kutoka chuoni. "Baba, mama ameniambia uko na beji ya bibi. Kibanio kimepona?"

"Kimepona, mwanangu," akasema. "Inang'aa, ukiiona utashangaa." Maneno yalitoka yenyewe. Ningekuwa karibu ningemfinya. Lakini mnajua mtoto akikuuliza kwa furaha ile, na wewe ndiye baba, mdomo hutangulia.

Alimwambia mkewe siku moja kabla ya mahafali, mchana, mkewe akipiga pasi gauni lake la kuvaa. Alimwambia yote, kopo, kufumba macho, Mhasibu, Mpishi, nchi ya mbali. Mkewe akaisimamisha pasi. Hakupiga kelele, ingawa Jaji alikuwa amejiandaa kwa kelele. Mkewe akatazama ukutani ilipokuwa picha ya mama yake.

"Mtoto umemwambia?"

"Bado."

"Utamwambia wewe. Mimi hilo silibebi." Akaishika tena pasi, akaiacha. "Na yule mpishi. Ile yake ya samaki ilikuwa ya nani?"

"Sijui."

"Hukumuuliza wakati ule?"

"Sikumuuliza."

"Hata juzi? Mtu anakuhangaikia beji ya mama yangu, anakuandikia barua, na wewe hukumuuliza?"

Jaji akakaa chini. Alitaka kulia na hakuweza hata hilo, maana aliona hana haki nalo mbele ya yule aliyefiwa mara mbili. Mkewe akarudi kwenye gauni, akapiga pasi ukosi uleule mpaka ukakauka kama kadibodi.

Siku ya mahafali walifika mapema, Jaji akiwa amedhamiria kumvuta binti pembeni. Lakini wahitimu walikuwa wameshapangwa mbele ya ukumbi, sare nyeupe, migongo imenyooka, na mlinzi hakutaka kusikia habari ya baba. Binti akageuka akawaona. Akagusa kifua chake upande wa kushoto, mahali pa beji, akacheka. Mama akampungia mkono. Jaji akatoka nje hadi barazani, akampigia Mpishi.

"Bado hajajibu," Mpishi akasema kabla ya salamu. "Nimeangalia asubuhi."

"Sipigii hiyo, kaka. Nakuuliza ile yako. Yule samaki. Alikuwa wa nani?"

Kule jikoni mtu alikuwa anakatakata kitu.

"Leo ndio unaniuliza," Mpishi akasema.

"Leo, kaka. Nisamehe."

"Nilingoja sana uniulize. Nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kukuambia, mazuri kabisa, ukisikia ungenirudishia." Akavuta pumzi. "Sasa hivi yatanisaidia nini, Jaji? Nina chakula jikoni. Kinaungua." Akakata.

Ndani jina la kitinda mimba lilikuwa linaitwa. Jaji akaingia kwa kuwakanyaga watu miguu, akafika mbele mkewe ameshasimama na binti. Chuo kilikuwa na beji za akiba kwa wasio na zao, za plastiki, zimejaa kwenye sahani. Mama akachukua moja. Vidole vyake vya fundi, vinavyotia uzi sindanoni bila kutazama, vikashindwa kuipenyeza pini, akajichoma, akajaribu tena. Binti alikuwa bado anatabasamu, akitazama mkono wa pili wa mama uliofumbwa, akidhani ya bibi imo humo.

Mama akaufumbua ule mkono ili amshike bega. Haukuwa na kitu.

Binti akatazama kifuani kwake, akamtazama mama, kisha akamtafuta baba yake kati ya watu mpaka akampata.

"Baba," akasema, taratibu, kama anayemkumbusha tu, "si ulisema imepona?"

Jaji akafungua mdomo. Watu walikuwa wanapiga makofi, na jina la binti mwingine lilikuwa limeshaitwa.