Nusu Sahani

Nyumbani kwao chakula alipakua mama, na sahani ya binti haikuwahi kuvuka nusu. "Wewe una akiba mwilini," mama alimwambia, huku akimwongezea mdogo wake wa kiume, mwembamba kama ufito. Mdogo mtu ndiye aliyembandika jina la Tanki. Nyumba nzima ililipokea kwa kicheko, naye akacheka nao huku roho ikimuuma.

Ini la mama lilipochoka kabisa, akatafutwa mtoto wa kumkatia kipande. "Tanki? Huyo si mafuta matupu!" mjomba alisema, na yule mdogo wa kiume akajitokeza kifua mbele. Daktari mpasuaji akashikilia wapimwe wote wawili.

Siku ya majibu aliwaonyesha picha mbili kwenye kompyuta.

"Haya ni mafuta ya chini ya ngozi ya dada. Seli ni nyingi, ndogo, laini, na damu inazifikia vizuri. Zinatunza mafuta mahali pake. Si kila mnene ana bahati hii, lakini yeye anayo."

Kisha akagusa picha ya pili. "Hizi za kijana ni chache, zimevimba hadi basi. Nyuzi za kovu zimezibana, na chembe za kinga, askari wa mwili, zimezingira zilizokufa. Hazina nafasi tena, kwa hiyo mafuta yamehamia kwenye ini. Ini hilo hatuwezi kulikata. Na sukari yake imeshaanza kupanda."

Mjomba akakohoa. Mdogo mtu akageuka, macho yamemtoka. "Dada, si utamsaidia mama?"

"Ahaa! Leo ndiyo nimekuwa dada?" Sauti yake ilifika hadi nje. "Miaka yote mnanihesabia matonge, mnanisema mbele za wageni, kumbe mgonjwa ni huyu mliyekuwa mkimshindilia chakula! Mmenikosea, wote!"

Akawaacha hapo, akaingia wodini na hasira zake.

Mama alikuwa amejilaza kitandani, macho ya manjano. Alipomwona akatabasamu kwa taabu. "Tanki wangu. Umekula?"

Mama hakuwa amewahi kumuuliza swali hilo tangu amzae.

"Sijala, mama. Na usiniite hivyo tena." Machozi yalimtoka, hasira haikutoka. "Ini nitakupa. Lakini ukipona, sahani yangu napakua mwenyewe."