Maparachichi ya Nadhiri

Notburga alikwisha kuchuma maparachichi yote ndipo simu ikalia. Barabara ya kushuka ziwani ilikuwa imefukiwa na udongo, na nadhiri za masista zimesogezwa hadi Jumapili ijayo. Vitalia, binti yake wa pekee, alikuwa anaweka nadhiri za daima Mbamba Bay, na mama mtu alikwisha kumwahidi matunda ya nyumbani Mkumbi wakati wa matoleo. Apeleke mabovu altareni? Aibu iliyoje!

Akakimbilia Mbinga mjini kwa Zamda, mwenye duka, mzaliwa wa Pemba.

"Tulia, Mama Vitalia. Chukua mwani huu mkavu. Uloweke, uuchemshe mpaka maji yawe mazito, uyachuje, yapoe. Chovya matunda, uyaache yakauke kivulini. Yatachelewa kuiva. Kwetu tumejaribu kwa maembe, yakakaa."

Notburga akauloweka mwani jikoni, akatoka kwenda kuazima vikapu. Kosa hilo! Nyumba gani huku kwetu Umatengo utakuta majani makavu yamelowekwa, mtu asijue ni mboga?

Aliporudi, mumewe Tobias alikuwa mezani amenuna, ugali mbele yake.

"Mama Vitalia, mlenda gani huu? Nimeuchemsha weee, nimejipakulia, nimetia chumvi sahanini, wapi! Unateleza tu, ladha hauna."

"Umeula?"

"Nimeonja. Nani aule huu?"

Notburga alitamani kumpiga mwiko. Akafunua sufuria. Loo! Imejaa, na maji yamekuwa mazito yanavutika. Akakaa chini kabisa, akacheka hadi mbavu zikamuuma.

"Umenifanyia kazi yangu, mwanaume wewe! Haya, lete chujio."

Jioni hiyo Tobias ndiye aliyechovya, huku akinung'unika kwamba mpaka saa hiyo hajapata mboga.

Jumapili, barabara imeshafunguliwa, Notburga alibeba kikapu hadi altareni kule Mbamba Bay. Maganda yalikuwa mazuri, lakini ya ndani nani anayajua? Hakuthubutu hata kuyabonyeza.

Baada ya misa, Vitalia, pete mpya kidoleni, alipasua moja pale pale uwanjani. Kijani pembeni, njano katikati, doa hakuna. Akala kwa vidole, amesimama, mafuta yakimpaka mdomo.

"Mama, tamu! Ngoja niwaite wenzangu."

"Maliza kwanza hilo, mwanangu."

Notburga akamtazama anavyokula. Kuanzia leo huyu ni wa shirika, atakula cha shirika. Lakini hili la leo amelishwa na mama yake.