Wageni Wasio na Matumbo

Usiku wa jana, kuamkia siku ya kutetea tasnifu yangu kuhusu majivu na fukusi wa mahindi, niliota kwamba wataalamu wote niliowataja kwenye marejeo wamekuja kwetu Tukuyu kula.

Mama anafurahi. Amepika wali na maharage, ameazima viti kwa jirani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" anasema, anafungua mlango. Anaingia Dakta Mponzi. Ni kichwa na shingo tu. Vichwa vingine vinamfuata, vinakaa kwa adabu.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba. Samahani kwa kuja hivi. Umenisoma ikisiri tu, ule muhtasari wa mwanzo, kwa hiyo nimeishia hapa."

Mama anampakulia. Anatafuna, anameza, maharage yanadondoka chini ya kiti. Anasema ni matamu sana. Mama ananitazama. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

"Sekela mwanangu," anauliza polepole, "hizo sehemu zao nyingine zinauzwa ghali?"

Kabla sijatunga uongo, kisanduku cha kutafutia makala mtandaoni kinajibu kutoka kwenye kompyuta yangu.

"Bure, mama. Kila mara nilimwekea pale kulia: makala kamili, bofya hapa. Hakubofya."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Mama anakaa chini. Ingekuwa ghali angalau angepata la kuwaambia majirani.

Sasa sebule ni chumba cha utetezi, ila jiko la mkaa linawaka katikati na mama bado ameshika mwiko. Mtahini ananiuliza kama Dakta Mponzi anakubaliana nami kwamba majivu yanaua fukusi.

Namgeukia. "Dakta?"

"Kichwa changu kinakubali," anasema. "Tumbo sijui. Liko ukurasa wa saba."

Niliona aibu mpaka nikaamka.

Mama alikuwa anafagia sebuleni. "We Sekela, jana si tulikula ugali na mboga? Haya maharage chini ya kiti yametoka wapi?"

Nilifungua makala ya Dakta Mponzi, ikafunguka bila kudai hata senti, nikashuka hadi ukurasa wa saba. Ameandika kwamba baada ya majaribio yote, majivu hayakusaidia kitu.

Gauni langu lilikuwa limeshapigwa pasi. Jikoni nilimsikia mama akiosha mchele wa wageni watakaokuja jioni kunipongeza.