Meno ya Jani

"Piga," alisema mama mkwe wangu. "Au unangoja lijipasue lenyewe?"

Tindo lilikuwa mkono mmoja, nyundo mkono wa pili, na jiwe limelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Lilikuwa la mwisho. Genge tulikolitoa lilishaporomoka, na hakuna ambaye angepata jingine.

Kesho yake mama mkwe alikuwa anastaafu kazi ya utafiti wa miamba. Ukumbi ulishapangwa viti, naye angesema pale alichokisema maisha yake yote: kwamba milima yetu ni ya kale mno, na ilikwisha kuinuka siku majivu ya volkano yalipoufunika msitu fulani na kuyageuza majani yake kuwa mawe. Ushahidi wake ulikuwa majani hayo hayo. Kwenye joto la mabondeni, miti mingi ina majani yenye kingo laini. Kwenye baridi ya juu, mengi yana meno kama msumeno. Ukijua baridi, unakisia kimo. Umri unaupata kwenye chembe za majivu. Yeye alihesabu meno, na meno yakampa milima.

Watu walimwita Mama Nyundo, akishageuka. Mimi nilimwita Mama, wala si kwa sababu ya ndoa tu. Mama yangu mzazi simkumbuki. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika tindo kabla sijamfahamu mwanawe, akaniita mwanangu siku ya kwanza nilipojigonga kidole.

Siku moja kabla ya pigo lile, nilikuwa nayapiga picha majani yale ili tupambe nazo ukumbi. Chini ya hadubini nikaona kitu. Jino la jani lenyewe huwa na mshipa unaoingia hadi nchani. Haya hayakuwa nao. Mishipa ilikatika ghafla, na ukingoni palikuwa na utepe mweusi, kovu la jani lililopona. Nikatazama la pili, la tatu, nikaendelea huku nikiomba nipate hata moja la kunisuta. Mengi hayakuwa meno ya jani. Yalikuwa ya kiwavi.

"Usimwambie," alisema mume wangu jioni hiyo, akisugua sufuria ambayo ilishatakata. "Ana presha. Mwache astaafu kwa amani."

"Halafu asimame mbele za watu aseme kisicho kweli, na mimi nimekaa napiga makofi?"

"Basi ukimwambia, mimi usinitaje."

Asubuhi nikamwambia. Aliinamia hadubini muda mrefu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwanao, Mama."

"Amesemaje?"

"Amesema ninyamaze."

"Huyo naye ananiona yai." Akafungua kabati, akalitoa jiwe lile ambalo halikuwahi kupasuliwa. Yale mengine yameshikwashikwa mno, alisema. Anataka jani ambalo halijaguswa na mtu. Akaninyooshea nyundo. Ndipo aliponiambia nipige.

Pigo likienda kombo, jiwe lingesagika na jani lake. Nilipiga, halikutikisika. Nilipiga tena, likalia kwa sauti kavu, likafunguka kama kitabu.

Jani lilikuwa moja tu. Upande mmoja ukingo wake ulikuwa laini kama ukucha. Upande wa pili ulikuwa na meno, lakini kila jino liliikata mishipa, na kila pengo lilizungushiwa wanja mweusi. Akapitisha kidole gumba juu yake bila kuligusa.

"Kumbe," alisema. Akavua miwani. Nilitamani kumkumbatia, nikaogopa. "Nipishe, binti."

Binti. Hakuwahi kuniita hivyo.

Ukumbini, kesho yake, alisimama wima. "Ndugu zangu, muda wote huu nimekuwa nikihesabu matonge ya kiwavi." Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akawaeleza kwamba hesabu yake anaifuta; kwamba msitu ule ulikuwa bondeni, kwenye joto, na ardhi iliinuka baadaye sana. Alipomaliza alitoka kwa mlango wa pembeni. Alinipita bila kunitazama.

Hakuja kwetu tena. Mume wangu alikuwa akienda kumsalimia peke yake, na akirudi ananiambia kwamba Mama analima bustani, na kwamba hajaniulizia. Nililia, sifichi. Nilikuwa nimesema kweli na nimempoteza mama, na kweli yenyewe haikunifariji hata kidogo.

Mvua zilipokatika, tulikuta kikapu cha mboga mlangoni. Mboga zote zilikuwa safi, zimechambuliwa vizuri, isipokuwa jani moja lililowekwa juu kabisa, limetafunwa ukingo mzima.

"Mama naye!" alisema mume wangu. "Sasa anatuletea na wadudu?"

Nililichukua nikaliinua dirishani penye mwanga. Kisha nikampigia Mama simu.

"Umeliona?" aliuliza, hata salamu hakuna.

"Nimeliona, Mama."

"Lina meno au limeumwa?"

"Limeumwa, Mama."

Nilimsikia akitua jembe.

"Haya," alisema. "Bustani imejaa hayo. Njoo unisaidie kuyachambua, mwanangu."