Fava za Bachisio

Tangu utotoni Gonario alijua kwamba maharage ya fava ni sumu kwake. Damu yake ilikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo, kama ya Wasardinia wengi kisiwani kwao. Lakini Aprili ile walipokwenda shambani kwa wazazi wa mkewe Maddalena, kikohozi na homa vikiwa vimemkalia, baba mkwe alimsogezea rundo la fava mbichi na jibini la kondoo.

"Kula, mkwe."

"Baba, siziwezi. Unajua."

"Nijue nini?" Mzee Bachisio aliwageukia wageni. "Jamani, binti yangu nimemwoza kwa dume linalokimbia maharage!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Maddalena alikuwa jikoni. Gonario akamenya, akatafuna, akamenya tena.

Siku ya pili macho yake yalikuwa manjano na mkojo mweusi kama divai. Maddalena akamkimbiza hospitali, babake akiendesha gari.

"Umekula fava?" Daktari Ignazia akamuuliza.

"Hapana," alijibu Gonario, akitazama ukuta.

Nje ya mlango, daktari akamweleza Maddalena. "Mapafu yake yana maambukizi. Askari wa mwili wakipigana na vijidudu humwaga oksijeni kali, inayounguza kila inachogusa. Wewe na mimi tuna kinga. Chembe zake nyekundu za damu hazina kinga ya kutosha, zinapasuka. Zikipasuka, vilivyomo ndani vinamwagika na kuchochea uvimbe upya, na uvimbe huo unazaa oksijeni kali zaidi."

"Moto unajilisha wenyewe?"

"Ndiyo. Kama ni mapafu tu, dawa itautuliza na tuna muda. Kama kuna kingine juu yake, hatuna."

Bachisio alikuwa amesimama kando, kofia ikisokotwa mikononi. Daktari alikuwa ameshageuka aende zake.

"Alikula," mzee akasema. "Sahani nzima. Mimi nilimlazimisha."

Daktari akakimbia, akiita damu iletwe upesi.

Chupa ya kwanza ya damu ilipotundikwa, Gonario alikuwa akitetemesha kitanda kizima. Maddalena akamshika taya. "Kwa nini ulimdanganya daktari?"

"Ningesemaje, Madda? Kwamba nakufa kwa kuogopa kuchekwa?"

"Mjinga wewe! Usifumbe macho. Nitazame!"

Akamtazama. Chupa ya pili ikafuata, na nyingine, hadi mkojo ulipoanza kupauka.

Alipona, ingawa figo zilimsumbua hadi kiangazi. Alipokuwa bado amelazwa, Bachisio alikuja kila siku akaketi kwenye korido, na kila siku Maddalena alimfungia mlango. Mwishowe Gonario akasema, "Mwache aingie. Meno yaliyotafuna yalikuwa yangu."

Mzee aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia waziwazi. Gonario akamwachia mkono wake aushike. Maddalena alichukua koti lake akatoka. Kwake msamaha ulikuwa bado.